Siku Swichi Ilipokwama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naamini ndugu yangu Saidi anakusomea maneno haya barazani, na magoti yako yamepata nafuu tangu baridi ipungue huko Tabora. Je, ile dawa ya kuchua iliwafikia? Sisi huku Moshi tu wazima, mimi na mkweo Mwajuma, ila masika ya mwaka huu yametuzidi. Mlima hatujauona, umejifunika mawingu, na nguo hazikauki.

Mama, watu huko wanakuuliza mwanao anafanya kazi gani hospitalini, nawe huna la kuwajibu. Mimi ni fundi wa injini ya akiba. Umeme wa mji ukikatika, betri huwasha taa moja ya chumba cha upasuaji, lakini hazidumu. Wakati huo mimi nawasha injini ya dizeli kwa mkono, naiacha ipate nguvu, kisha nageuza swichi kubwa ya ukutani. Swichi hiyo huachia kwanza waya wa mji, ndipo inashika waya wa injini. Lazima iachie kwanza. La sivyo umeme wetu utatoka nje kwenye nguzo na kumuua fundi anayetengeneza waya, naye anadhani hakuna umeme.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Alasiri moja lori la kahawa lilimleta mama mmoja kutoka Kirua Vunjo, uchungu umemshika na mtoto amekaa vibaya. Mumewe, Bwana Aloisi, mkulima wa kahawa na ndizi, aliachwa kwenye kibaraza na rozari yake mkononi. Daktari alikuwa amekwisha kuanza kumpasua mkewe pale upepo ulipoangusha mti juu ya waya. Umeme ukazimika.

Niliwasha injini, ikaitika mara ya kwanza. Nikashika mkono wa swichi nikavuta. Haukusogea. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, wapi! Ubao wa swichi ulikuwa umevimba kwa unyevu, umeubana mkono kama mdomo wa mamba.

Nesi Paulina, binti wa Kichaga mwenye sauti kubwa, akaja mbio.

"Ramadhani, taa ya betri inafifia! Daktari anauliza, injini tunaisikia, umeme uko wapi?"

"Swichi imekwama," nikamwambia. "Kuna njia ya kuunganisha waya wa injini bila kupita kwenye swichi, lakini sithubutu. Tazama nje."

Alitazama. Ng'ambo ya lango, Athumani alikuwa ameshapanda nguzo, maana siku hiyo mafundi walikuwa zamu barabarani kwa ajili ya upepo. Athumani ni fundi wa umeme wa mji, jirani yetu, tunakula pamoja Idi zote.

"Basi ashuke!"

"Hata akishuka, wenzake wako nguzo za mbele, na sijui wangapi. Mlete, anisaidie."

Paulina akavua viatu akakimbia kwenye matope akipiga kelele, "Athumani! Shuka! Unaitwa hospitali!" Mama, nilibaki na ule mkono wa chuma, nikisikia injini inanguruma bure. Upande mmoja mama wa watu amelala amefunguliwa tumbo, upande mwingine baba wa watoto wanne yuko juu ya nguzo. Niliogopa, lakini moyo haukuyumba. Nilijua lipi nitafanya na lipi sitafanya.

Athumani aliingia akichuruzika maji, wala hakuuliza maneno mengi. Alichomeka bisibisi yake nene kati ya ubao na mkono. "Mimi napanua, wewe vuta. Bismillahi." Ubao ukapasuka, mkono ukatoka kwenye waya wa mji. Nikatazama kwa macho yangu kwamba kweli umeachia, ndipo nikausukuma upande wa injini. Injini ikapunguza sauti kama mtu aliyebebeshwa gunia, halafu ikatulia ikanguruma imara. Kutoka chumba cha upasuaji tukasikia Paulina anapaza sauti, "Imewaka!"

Tukakaa pale chini, mimi na Athumani. Baadaye tukasikia kilio cha mtoto. Bwana Aloisi akaja akatushika mikono yetu yenye grisi, akisema "Aika, aika," ndiyo asante ya Kichaga, na machozi yanamtoka. Mama na mtoto wote wazima. Ni msichana, wamemwita Paulina, na ni haki yake yule nesi. Swichi tumewekewa mpya, ya chuma kitupu.

Mama, kuna habari nyingine. Mwajuma ana mimba, na tumbo limeshaonekana. Najua utasema aje azalie nyumbani kama desturi. Nilimuuliza, akanijibu, "Nitazalia hospitali ile ile. Lakini mwanangu apokewe na mkono wa mama yako, siyo wa mgeni." Nami nakubaliana naye. Kwa hiyo njoo wewe. Saidi akufikishe kwenye treni, mimi nitakungoja mwisho wa safari.

Nisalimie baba mdogo anayeshona kanzu sokoni, shangazi muuza vitumbua, na mjomba mwadhini wetu atuombee dua. Wakikuona unafunga mizigo wakakuuliza waenda wapi, waambie: nimeitwa niende Moshi, mjukuu wangu yuko njiani.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Ramadhani