Mashini Niliyokuchagulia

Karuba, mwezi wa saba 1956

Papa Jeannette mupenzi,

Tuko salama. Maharagi imeanza kukauka, na Jeannette ameota meno mbili za mbele. Mulango ukilia tu, anakuita.

Mudogo wako Kanyamibwa amefika toka kwako, kule mugodi wa Omate. Aliniambia kitu ambacho barua yako haikusema: jiwe la mugodi lilikukata vidole vitatu vya mukono wa kuume, na sasa unaona haya kurudi, unasema useremala wako umekwisha.

Sikulia mbele yake. Kesho yake tulishuka Sake, kwa muzungu mumoja anayehama na kuuza mashini zake za mbao. Nilijifunga vidole vitatu na kitambaa, nikajaribu moja moja. Muzungu akashangaa: «Mama, unafanya nini?»

«Ninachagulia bwana yangu.»

Musumeno wa moteri ulitaka mikono yote mbili, tena uliniogopesha. Lakini mashini ya kutoboa, ubao unabanwa na chuma, nawe unashusha fimbo yake na kiganja tu. Njo hiyo nilichukua. Nilimulipa muzungu na ng'ombe wetu, ule mutamba mwekundu. Usinikasirikie.

Iko katika nyumba yako ya kazi. Kanyamibwa aliwasha moteri, na mimi nikatoboa tundu la kwanza katika muguu wa kiti. Limepinda vibaya, hata Jeannette alicheka.

Kuja namna uko. Utakuwa unanielekeza, mimi nitatoboa, mupaka mukono wako uzoee.

Wako,
Emérita