Rejoice Hajakonda, Amepungua

Pajulu,
Arua, Uganda.
Tarehe 21 Septemba, 2024

Mpendwa Shangazi Agnes Keji,

Nakusalimu kwa mikono miwili kama mtoto mwenye adabu, ingawa najua hapo ulipo umeshacheka. U hali gani? Goti lako la kushoto linasemaje na baridi ya Nakuru? Na wale binamu zangu wanaojiita Wakenya, wanakusaidia kazi au wanakula tu? Sisi huku ni wazima. Mama anasali na kutugombeza kwa kipimo kilekile. Mvua imekuja vizuri, mahindi ya nyuma ya nyumba yamenipita kimo, na mimi si mfupi, hilo unalijua. Ningesema pia nimezidi kuwa mtanashati, lakini wasichana wa Ombaci wanalisema wenyewe, sioni haja ya kurudia.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kikakwa sijui kukiandika, na Kiingereza tuliachana darasa la saba bila ugomvi. Kiswahili changu ni cha madereva wa malori pale Vurra. Ukikuta neno limevaa viatu vya mguu mmoja, livue tu uendelee.

Sasa nije kwenye lile linalokunyima usingizi. Juzi ulipopiga simu niliisikia sauti yako inatetemeka. Wahabu, yule dereva wetu wa lori, alikuambia amemwona dada Rejoice sokoni Arua, kwamba amekwisha, amebaki shingo. Uliniuliza jambo moja tu, kama yale ya zamani yamerudi. Nikaanza kusema hapana, mtandao ukakatika kwenye "ha". Tangu hapo nakupigia sikupati. Kwa hiyo naandika, na barua nampa Wahabu huyohuyo ailete, awe punda wa kuokota mzigo alioumwaga.

Wahabu ni mtu mzuri, lakini macho yake yamezoea kupima magunia. Rejoice hajakonda, Shangazi. Amepungua. Hayo ni maneno mawili, na mimi sikujua kama ni mawili mpaka mwaka huu.

Wewe hunihitaji nikukumbushe. Alikuwa kwako akisoma. Ni wewe uliyegundua kwamba anasukuma chakula ukingoni mwa sahani, kisha baadaye kwamba anakula kwa kujificha na kukitapika tena kwa makusudi. Ni wewe uliyempeleka kwa wataalamu ukakaa nje kwenye benchi unamsubiri. Alipofika kwetu mifupa ilikuwa mbele na yeye nyuma. Hapa nyumbani tulijua dawa moja tu, kula. Naye akala, akapona, mwili ukarudi, tena ukaja na mwenzake. Kila kilo ilikuwa sikukuu. Watu wakimwambia umenenepa, aliyeitikia asante ni Mama, kama vile yeye ndiye aliyenenepa.

Mwishoni mwa mwaka jana magoti yakaanza kumsumbua. Akibeba vitenge vyake kutoka stoo hadi kibandani anahema kama mimi nikisukuma pikipiki isiyo na mafuta. Kliniki wakapima damu, sukari imeanza kupanda. Daktari, mwanamke anaitwa Pasca, akasema mwili upungue kidogo. Mama alikaa chini palepale sakafuni. Kumwambia huyu apunguze mwili, akasema, ni kumtuma mlevi aliyeacha pombe akalinde mitungi. Na mimi, Shangazi, siku hiyo sikuwa na mzaha wowote mfukoni.

Rejoice ndiye aliyezungumza. Alimweleza daktari yote tangu Nakuru, mbele yetu, hata yale ambayo Mama alikuwa hajawahi kuyasikia. Akasema anaogopa kupungua kuliko anavyoogopa sukari, kwa sababu akionja kupungua hajui kama ataweza kusimama.

Daktari Pasca akabadilisha mpango wote. Hakuna kuruka mlo, na hakuna chakula kilichopigwa marufuku, hata chapati, hata siagi ya simsim. Ale na watu, si pembeni. Atembee, lakini na mwenzake. Kila mwezi azungumze na mshauri wa palepale kliniki, na mawazo ya zamani yakija ayaseme yakiwa bado madogo. Kwenye mizani anapanda akiwa ameipa kisogo, kama mtu anayekataa kupigwa picha. Namba anaiona daktari peke yake.

Mwenzake wa kutembea nikateuliwa mimi. Cheka tu. Mimi ambaye chumvi ya dukani naifuata kwa pikipiki. Steji nzima ya bodaboda waliniuliza kama chombo kimekufa, nikawaambia mimi sasa ni kocha, waniheshimu. Asubuhi ya kwanza nilimwacha mbali kwenye mteremko, natembea mkono mfukoni. Kwenye mlima alinipita. Nilipofika juu nilimkuta ameketi kwenye jiwe, anamenya chungwa, akaniuliza kama kocha ana haja ya kubebwa. Tangu hapo tunakwenda sambamba. Mimi nasema ni kwa ajili ya kumlinda.

Miezi ikapita hakuna kilichoonekana. Nikamwambia dada kwamba daktari wake ametudanganya, mimi ningemtoa kilo zote kabla ya Pasaka. Rejoice akasema haraka ndiyo iliyotaka kumuua, safari hii anapanda gari bovu kwa makusudi. Kisha magoti yakanyamaza. Kisha akaanza kuniimbia milimani, na mimi sina pumzi ya kumwambia anyamaze.

Siwezi kukudanganya kwamba njia yote ilikuwa lami. Jioni moja mteja alikuwa amemsifu sokoni kwamba amepungua amependeza, na alipofika nyumbani, kabla hata ugali haujapakuliwa, alisema ameshiba. Wewe unalijua neno hilo likitoka kinywani mwake. Zamani lilikuwa mlango wa kufungia. Mama akabaki na mwiko hewani. Rejoice akaingia ndani, akakaa, akatoka mwenyewe. Alimwambia Mama amesema uongo, hajashiba, yale maneno ya mteja yanamzunguka kichwani na anaomba mtu akae karibu naye ale. Mama akakaa karibu naye. Hata mimi nikakaa, nikala sahani mbili kwa ajili ya umoja. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hatumwambii neno la mwili wake, si la kusifu wala la kumpa pole. Ukija Desemba nawe ufanye hivyo. Muulize habari za vitenge, atakuchosha.

Haya, sasa nikupeleke Koboko.

Mwezi uliopita tulikwenda kumsalimia Nyanya Rosina, Mama kwa gari la abiria, Rejoice nyuma ya pikipiki yangu. Kumbe Wahabu alishapita kule na lori lake akielekea mpakani, akawamwagia habari ileile. Na huku kwetu, Shangazi, mtu akipungua hakuna anayeuliza ametembea kiasi gani. Wanauliza ni ugonjwa gani na dawa anachukulia wapi. Tulipoingia uani tukakuta mikeka imetandikwa, mbuzi amechinjwa, katekista amekaa upande huu, na upande ule sheikh ameletwa na Medina, mke wa baba mdogo Duku, ili maombi yafanyike kwa dini zote mbili na maradhi yakose pa kujificha. Nilitaka kucheka sana. Kisha nikaona mikono ya Rejoice imeshikana kwa nguvu, nikaacha.

Maombi yangekuja baada ya chakula. Unalikumbuka sinia la wanawake pale kwa Nyanya. Wote mnakula chombo kimoja, na mkubwa anakusogezea nyama upande wako kwa vidole vyake mwenyewe. Upande wako ukiwa na kitu, huinuki. Ukikirudisha, umeurudisha mkono wake. Na siku hiyo sinia zima lilikuwa limeinamia kwa Rejoice.

Mimi nilikuwa na wanaume, jirani kabisa, nina mfupa mkononi na sikumbuki kuutafuna. Dada yangu alikula vizuri. Ugali wa muhogo, mboga, nyama yake. Hakudonoa. Kilichosogezwa kikaisha, wakasogeza kingine.

"Kula, mwanangu, mwili irudi," Medina akawa anasema. "Iko nyama mingi bado."

Wanampenda, Shangazi, hilo ndilo lililonitisha. Hakuna aliyekuwa anamwonea. Na mimi nilizijua njia zake mbili tu. Ya kwanza ni ile ya Nakuru, kukataa kila kitu. Ya pili ni kumaliza chote huku akicheka nao, halafu kuinuka kimyakimya kwenda nyuma ya nyumba. Nilimtazama Mama, naye alikuwa ameshageuza shingo kuitazama ile njia ya kwenda nyuma ya nyumba.

Nyanya akasogeza kipande kingine. Rejoice akaushika ule mkono wa Nyanya na mafuta yake yote, akaulaza juu ya goti lake.

"Nyanya, nyama ni tamu, na nimeshiba."

Medina akacheka kidogo, akasema wagonjwa wote husema hivyo. Na kweli, husema.

"Mama mdogo, nilikuwa mgonjwa, lakini si sasa," Rejoice akamwambia, wala hakupandisha sauti. "Nilikuwa mgonjwa wakati ule mlipokuwa mnasema nimependeza. Nilikuwa nakula chakula chenu chote, nacheka na nyinyi, kisha naenda kule nyuma kukitoa. Leo sitaki kukitoa. Nataka kikae. Ndiyo maana naacha hapa."

Katekista alikuwa na tonge njiani, likabaki njiani. Nyanya Rosina alimtazama muda mrefu, na unayajua macho yake, hayasomeki. Kisha akakichukua kile kipande kwa vidole vilevile, akakirudisha kwenye chungu, akafunika. Sijawahi kumwona Nyanya akifunika chungu mgeni akiwa bado amekaa. Medina anasema hata yeye hajawahi.

"Basi kikae," Nyanya akasema.

Na Rejoice akakaa. Hilo ndilo ninalotaka ulione kwa macho yangu, maana ni dogo na ukipita haraka hulioni. Hakuinuka. Maji ya kunawa yalipita, chai ikaja, watoto wakampanda mgongoni, Medina akaanza kumuuliza maswali taratibu, safari hii ya kutaka kujua, naye anajibu. Hakutazama hata mara moja kule nyuma. Nimeona mambo mimi. Nimeona lori likipinduka Vurra na dereva akatoka dirishani anapiga mluzi. Nimevuka maji yaliyofunika tairi nikiwa na abiria na mbuzi wake, na steji yote ni mashahidi. Lakini mtu kukaa tu kwenye mkeka, na nywele zikanisimama mikononi, hilo sikulijua. Niliona haya hata kujiita kocha. Haya hiyo ilidumu mpaka jioni.

Maombi yalifanyika vilevile, mbuzi alikuwa ameshakufa. Wakayageuza kuwa ya shukrani. Katekista na sheikh walishindana nani atakuwa mfupi zaidi, nafikiri walishaambiwa na Nyanya. Wakati wa amina Medina alikuwa analia, na alipofuta machozi akamuuliza Rejoice kama anaweza kumwona huyo Daktari Pasca, magoti yake pia yanamsumbua.

Kesho yake Mama alibaki kwa Nyanya, sisi tukarudi Arua. Njiani mimi naongea, unanijua, nampangia Rejoice jinsi tutakavyofungua chuo cha kutembea, mimi niwe mkuu. Tukakaribia sehemu wanapochoma mahindi kando ya barabara, moshi unatuvuka. Rejoice akanigonga bega.

"Simama, Lukudu. Nina njaa."

Nusura nitutie mtaroni. Shangazi, kumbuka vizuri, umeishi naye. Umewahi kumsikia akisema hivyo? Mimi nimekuwa naye tangu sijui kuvaa shati. Nimemsikia akisema ameshiba, atakula baadaye, amekula kule alikotoka, tumbo linamuuma. Njaa, sijawahi. Naye alilisema kama mtu anayesema mvua inakuja. Alishuka, akachagua hindi lake, akabishana na mwenye jiko kwamba limeungua upande, akapewa lingine, akala amesimama, mashavu yote mawili, masizi mpaka puani. Akamaliza, akafuta mikono kwenye shati langu safi, akasema twende. Hindi langu lilikuwa bado zima mkononi. Nilikuwa namtazama yeye.

Basi ndilo jibu langu ambalo mtandao ulilimeza. Yale ya zamani hayajarudi. Kilichorudi, Shangazi, ni njaa.

Rejoice anakusalimu sana. Anajua nakuandikia na amesema nikueleze yote, ila nisijisifu. Mama anakusalimu kwa Zaburi asiyonitajia namba. Nyanya Rosina anauliza kama Nakuru kuna njia ya kurudi au ya kwenda tu. Medina na baba mdogo Duku wanakusalimu pia. Wasalimie binamu zangu, uwaambie kaka yao anatembea milima siku hizi, waje tushindane.

Mungu akulinde na baridi, alilegeze hilo goti lako, na usiku wa leo akupe usingizi ule mzito wa mtu aliyesikia habari njema.

Ni mimi nikupendaye, na ninayejua kwamba kati ya watoto wote wa kaka yako umenipenda kuliko wote, ila unaficha,

Lukudu