Baharia Aliyeandikwa kwa Jina Langu

Mdogo wangu Kamau,

Jana nilikuwa kwako Gatuanyaga. Wambui wako hajambo, mbuzi wawili wamezaa, mahindi yamekauka kabla ya kubeba. Nilikwenda kumwambia jambo ambalo wewe ulistahili kulijua kwanza, nami sikukuambia ulipokuwa hai.

Nitaanza mbali kidogo. Unaijua tabia yangu, ulizoea kuniambia, "Mwalimu, fika basi, chai inapoa."

Baba aliweza kumsomesha mtoto mmoja, na mzaliwa wa kwanza nilikuwa mimi. Wewe ulichuma kahawa kwenye mashamba ya Ruiru kila siku ili nilipiwe karo. Mimi nilichuma wakati wa likizo tu. Uhuru ulipokuwa bado mbichi, ukasikia kwamba meli za mizigo za jeshi la majini la ng'ambo zinaandika watu Mombasa, na kwamba wanataka cheti cha shule. Ulikuja ukasimama mlangoni kwangu.

"Nipe hicho cheti chako."

"Kina jina langu."

"Na kina kahawa yangu."

Nilikupa. Si sisi peke yetu tuliofanya hivyo. Siku hizo cheti kimoja kingeweza kuvaliwa na nyumba nzima, kama koti la Jumapili. Kwa miaka kumi na mmoja ukawa Stefano Njoroge baharini, nami nikawa Stefano Njoroge darasani.

Ukija likizo ulitusimulia chumba cha injini. Mabomba ya mvuke yalivishwa kitu cheupe, mlichokikoroga na maji kwenye ndoo na kukipaka kwa mikono. Kikikauka, meli ikitikisika, kilidondoka kama unga kwenye vikombe vyenu. Mlirushiana madonge yake mkicheka. Mama naye alicheka: "Kumbe walikupeleka ng'ambo ukakande unga!"

Ile ilikuwa asbesto. Nimesoma habari zake sasa, acha nikueleze. Ni jiwe, lakini jiwe lenye nyuzi, nyembamba kuliko unywele, na moto hauziunguzi. Ndiyo sababu walizipenda melini. Ukizivuta kwa pumzi zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na mwili hauwezi kuziyeyusha wala kuzitoa. Zinakaa. Mtu anarudi nyumbani, analima, anazaa, miaka ishirini, thelathini, halafu pumzi inaanza kufupika. Thika walikutibu kifua kikuu mara mbili. Siwalaumu sana. Nani angewaambia kwamba mkulima wa Gatuanyaga aliwahi kuwa baharia?

Mimi ningewaambia.

Mwaka mmoja na nusu kabla hujafa, barua ilikuja kwenye sanduku langu la posta Ruiru. Ilitoka kwa wenye meli zile, wakimtafuta Stefano Njoroge, aliyefanya kazi chumba cha injini. Walitaka kujua kama ndiye mimi. Nilikuwa nimebakisha muhula mmoja nistaafu, nikadhani wamegundua mambo ya cheti. Sikuufungua ukurasa wa pili. Niliketi nikaandika, kwa Kiingereza safi, kwamba mimi ni mwalimu, sijawahi kupanda meli, na naomba wasahihishe kumbukumbu zao. Nikaipeleka siku hiyo hiyo, na nyumbani sikumwambia mtu.

Siku ya mazishi yako alikuja mzee Omari, yule wa duka la vyuma pale Thika, uliyefanya naye kazi melini. Alisikia mchungaji akitaja Kamau, akadhani amekosea boma. Akanivuta kando.

"Samahani, mzee. Mimi nimekuja kumzika Stefano."

"Stefano ni mimi."

Alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Wewe? Mikono hii haijashika hata spana!"

Kisha akaiona picha yako juu ya jeneza, akakutambua. Ndiye aliyenieleza yote. Mabaharia wa zamani waliandikiwa waende Nairobi wapimwe kifua bure. Aliyekutwa na madhara alilipiwa matibabu na kupewa malipo ya kila mwezi, na akifa, mjane wake anaendelea kuyapata. Yeye alikwenda, na anapata. "Nilimuuliza sokoni kama ameitwa," akasema. "Akaniambia hajapata barua yoyote."

Nilirudi nyumbani nikautafuta ule ukurasa wa pili. Yote yalikuwa pale. Sikulia, na mpaka leo sijalia. Ni kama mkono uliolaliwa: unauona, unajua ni wako, lakini hauhisi kitu.

Wambui aliposikia kwa Omari akaomba malipo ya mjane, walimjibu kwamba melini hakukuwa na Kamau, na kwamba Stefano Njoroge mwenyewe ameandika kwamba hakuwa baharia. Aliniletea barua hiyo nimsomee, kwa kuwa Kiingereza kiko kwangu. Nilimsomea nusu ya kwanza.

"Baba Wanjiku," akasema, "si uende wewe? Jina ni lako. Ukifika kwa daktari, kohoa kidogo."

Tulicheka. Nilimwambia kifuani kwangu watakuta chaki tu. Kisha nikakaa miezi mitano bila kufanya lolote.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa wakili Thika pamoja na Omari, nikaapa kwa maandishi. Cheti, jina, yote. Wakili, kijana mpole, aliinua kalamu: "Mwalimu, hii sehemu ya barua yako tunaweza kuiacha. Itakuaibisha bure."

"Iandike," nikasema. "Bila hiyo hawataelewa kwa nini nilikana."

Jana nilimkuta Wambui akipura maharagwe. Nilimwambia nimesimama.

"Mwaka na nusu," akasema.

"Ndiyo."

"Alikuwa analala ameketi."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikuwa Ruiru."

Aliendelea kupura. Nilidhani amemaliza na mimi. Kisha akajifuta mikono, akavuta kigoda akaketi. "Nisomee hiyo karatasi. Na leo usiruke kitu."

Nilimsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, hata pale palipoandikwa kwamba niliogopa. Nilipofika mahali panaposema kwamba baharia yule ni marehemu Kamau, mume wa Wambui, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akainuka.

"Ipeleke," akasema, akarudi kwenye maharagwe yake. Chai hakunipa.

Nimeipeleka leo asubuhi. Sijui watajibu nini. Msamaha sikuombi, kwa sababu huwezi kunijibu, na anayeweza kunijibu bado hajanijibu. Nimekuandikia ujue tu kwamba palipokuwa na jina langu, sasa nimewaandikia lako.

Lala, Kamau, kwa jina alilokupa mama.

Ndugu yako mkubwa