Wavu Nilioudhania Utando wa Buibui

Shoga, nimeharibu!

Ile mashua ndogo ya uvuvi anayoiunda mume wangu mezani, mfano wa ile ya marehemu babake, leo nimeipangusa vumbi. Nikaona utando wa buibui ubavuni. Nikaufagia wote.

Kumbe ni wavu! Wavu, shoga! Ameusuka kwa uzi wa kushonea, miwani juu ya miwani!

Karudi, kautafuta, kisha kaitazama mikono yake. "Mama watoto, wavu umedondoka. Mikono hii imezeeka, hata fundo haikazi tena. Basi, naacha."

Nami kimya! Ufagio mkononi, na kimya!

Nimeuokota jalalani, ninao hapa kiganjani.

Kitendawili: wavu gani haujagusa maji na umeshanasa bibi kizee?

Usijibu. Naenda kumwambia.