Njuga Zilizonyamaza

Jumapili jioni

Bibi Kanta ameshafukuza walezi wanne wa kumtunza uzeeni, na leo nilipomchelewesha kwenda hekalu la Wahindu nilijua wa tano ni mimi. Njia nzima ya Carrollton, liliko hekalu, hakunisemesha.

Mbele ya sanamu ya mungu wao wa kike ndipo akalegea. Akanisimulia, kwa Kiswahili chake cha Tanga alikozaliwa. Zamani mfalme alimwomba mungu huyo amfuate mjini kwake. Akakubali, ila mfalme asigeuke nyuma. Mfalme akatangulia, akisikiliza njuga za miguuni mwa mungu nyuma yake. Walipofika penye mchanga njuga zikanyamaza. Mfalme akaingiwa na hofu, akageuka. Mungu akasimama, akakaa palepale daima, na hapo ndipo wakamjengea hekalu la kwanza.

Nikamwambia mfalme yule alikuwa mjinga.

Wakati wa kurudi alikuwa kimya mno kwenye kiti cha nyuma. Ana miaka themanini na mitatu, jamani. Kila taa nyekundu nikawa nageuka kuangalia kama anapumua.

"Umegeuka mara tatu, Neema," akasema. "Basi mimi nimeshakaa. Kesho saa mbili, na usichelewe."

Nimecheka peke yangu mpaka nyumbani kwangu Grand Prairie. Mfalme hakuwa mjinga hata kidogo.