Ngozi ya Goti la Nyamizi

Alhamisi, wodini.

Imeshika! Ngozi waliyoitoa pajani kwa Nyamizi wangu na kuipandikiza kwenye goti lililoungua na uji, imeshika.

Siku tano nimekuwa nikinusa bandeji kila asubuhi, nikiogopa harufu ya kuoza. Nesi akawa ananitania, "Mama Nyamizi, umekuwa mbwa wa polisi?" Nilikuwa nacheka, lakini moyoni najiuliza mwanangu atatembeaje goti lisipokunjika. Na ile sufuria ya uji mimi ndiye niliyeiacha karibu naye.

Leo daktari amefungua. Akabonyeza ile ngozi kidogo kwa kidole, ikapauka, halafu taratibu wekundu ukarudi. "Damu imeingia," akasema. Akanieleza kuwa kuna wataalamu wanaootesha ngozi maabara, na kinachowahangaisha ni kuchagua seli za mishipa ya damu, maana ngozi isiyofikiwa na damu inakufa tu, hata iwe nzuri vipi.

Nikamwambia, "Hiyo ni kama mpunga, daktari. Ukihamisha miche usidanganywe na majani, chagua yenye mizizi."

Akanitazama. "Umesomea wapi, mama?"

"Darasa la saba, na kwenye majaruba ya mama yangu kule Kahama."

Wodi nzima ikacheka. Nyamizi hakucheka, alikuwa kazini. Alishika kiganja changu, akakibonyeza, akangoja weupe uondoke. Kisha akamwita daktari kwa sauti:

"Na ya mama imeshika!"