Tai Inashuka

Jumapili, Novemba

Ijulikane rasmi, kwangu na kwa daftari hili: kuanzia leo sivai tai kazini.

Nilitoka kanisani Woodbury, hapa Marekani, nikaendesha gari moja kwa moja hadi kwenye zamu, nikiwa bado na suti na tai shingoni. Kazi yenyewe ni kuwalinda tai, wale ndege, wasikatwe na mapanga ya mitambo ya upepo. Mara Mwangi, Mkenya wa kituo cha pili, kwenye redio: "Mzee, tai inashuka!"

Kwetu Tanzania ndege anashuka. Inayoshuka ni nguo. Nikadhani ananiona kwa darubini. Nikakaza fundo vizuri.

"Si ya shingo, wewe! Ya mabawa! Iko kwa mtambo wako!"

Nikainua macho. Ndege alikuwa anaelea kuelekea mapanga, hana habari. Nikabonyeza kitufe cha kuzima. Mtambo ulipunguza mwendo taratibu mno, nikawa naomba kwa sauti kubwa kuliko asubuhi kanisani. Akapita mzima.

Asante Mungu. Asante na Mwangi, na ngeli zake zote alizovunja. Angenyamaza tu, leo ningekuwa naandika ripoti ya tai aliyekatwa.

Tai wangu alitua barabarani, akala rakuni, mnyama mdogo wa huku, aliyegongwa na gari.